Verlene na Choo cha Trela

Verlene Stubbs aliwapikia watoto wa shule kule Deming, jangwani New Mexico, kwa miaka thelathini, na mikono yake ilikuwa bado na nguvu. Mumewe Orrin alipofariki mwezi wa tatu, alimwachia trela ya mwaka 1961, kijumba cha kulala cha kuvutwa na gari, iliyoegeshwa uani. Walikuwa wamepanga kuivuta hadi pwani ya Oregon. Kila mwaka kulizuka jambo.

Mwezi wa tano akafunga safari peke yake. Kwenye kambi ya kwanza, kando ya mto, mlinzi aliinama, akachungulia chini ya trela, akatikisa kichwa.

"Mama, choo chako hakina tangi. Kinamwaga moja kwa moja chini."

"Ndivyo zilivyotengenezwa zamani."

"Zamani, sawa. Hapa hulali."

Verlene akageuza gari, akarudi nyumbani maili themanini bila kuwasha redio.

Hakutaka fundi. Alinunua tangi la plastiki la majitaka, bomba pana na koki ya kuvuta, akalala chali chini ya trela juu ya zulia kuukuu. Bomba la zamani lilikuwa limeng'ang'ania kwa kutu. Alilikata kwa msumeno siku mbili nzima, vumbi likimwingia machoni. Tangi nalo likagoma kuingia katikati ya vyuma, limezidi kwa upana wa kidole. Akalirudisha dukani, akangoja siku tisa lije dogo zaidi. Siku hizo zote hakuzungumza na mtu ila mwenye duka.

Alipolala tena chini ya trela kufunga lile dogo, jirani yake, Wendell, aliegemea ua.

"We Verlene! Umegeuka panya-buku siku hizi?"

"Afadhali panya-buku. Choo chako wewe kinavuja tangu mwaka juzi!"

Wendell akacheka mpaka akakohoa. Alionekana ana jambo jingine la kusema, lakini mkewe alimwita mezani, akaenda zake. Verlene akabaki akisikiliza vijiko vyao.

Kulijaribu tangi ilikuwa kazi ya watu wawili: mmoja amwage maji juu, mwingine atazame chini. Alipokwisha kujiweka sawa chini ya trela, tochi mkononi, neno likamponyoka:

"Haya Orrin, achia!"

Hakuna aliyemwaga maji. Akalala palepale hadi shingo ikafa ganzi.

Kisha akajikokota nje. Akatia bluu ya kufulia kwenye ndoo, akatandika kadibodi nyeupe chini ya maungio, akapanda kumwaga, akashuka kutazama. Tone la bluu. Akakaza, akakausha, akarudia. Mara ya nne kadibodi ilibaki nyeupe pe.

Aliporudi kwenye kambi ile ya mtoni, mlinzi yuleyule aliinama tena.

"Nani kakutengenezea?"

"Mimi."

"Yaani mumeo ndiye..."

"Nimesema mimi."

Akamfungulia kizuizi. Jioni ile familia jirani zilichoma nyama na kuitana kwa majina. Verlene alikula maharage kwenye sufuria, amesimama mlangoni.

Asubuhi alipeleka trela penye shimo la majitaka, akaunga mpira wa kutolea uchafu, akavuta koki. Yote yakatoka kwa mkupuo mmoja, bila tone pembeni. Alifurahi, akageuka kutafuta wa kumwambia. Nyuma yake palikuwa na mwanamume garini, anangoja zamu.

"Bibi, umemaliza?"

"Nimemaliza," akasema, akaanza kukunja mpira.