Simu Iliyofungwa Kiunoni

Mpaka leo nikisikia ile sauti ya "namba unayopiga haipatikani kwa sasa", damu inanichemka. Kwetu mtu akiambiwa hivyo hasemi mtandao ni mbovu. Anasema, "Amenizimia simu." Kwa maneno hayo mawili, mama yangu alitengwa kwenye msiba wa dada yake wa tumbo moja.

Kazi yangu ni kubuni antena za simu zinazokunjwa. Siku hizi antena huioni. Ni kipande cha ule ukingo wa chuma wa simu yenyewe, kimetengwa kwa mwanya mwembamba uliojazwa plastiki. Simu ya kukunja ina taabu yake. Ukiifunga, nusu ya juu inalalia nusu ya chini, chuma juu ya chuma, na antena inakosa pumzi. Dawa ipo: unakata mwanya wa pili kwenye nusu ya chini, ukutane na ule wa juu simu inapofungwa. Nilikata kwenye sampuli, nikapima, ikakubali. Mkubwa wangu wa kazi akaigeuzageuza mkononi, akakunja uso. Mwanya wa pili unaharibu sura ya simu, alisema. Tena mtu akiifunga si ameshamaliza kuitumia?

"Hapana," nikamwambia. "Akiifunga ndiyo anangoja kupigiwa."

Walicheka. Jamani, walicheka! Mmoja akaniuliza ni nani huyo anayeishi mbali na mnara kiasi hicho. Asiyekuwepo na lake halipo, na mama yangu wa Muleba hakuwepo kwenye ile meza ya kikao. Baadaye nikaambiwa kwamba simu zilizoingia dukani zilirekebishwa kwa njia nyingine. Nikaamini, nikanunua moja, nikampelekea mama Krismasi.

Aliipenda mno. Simu yake ya zamani ilikuwa inamdondoka kila akiinama kupalilia kibanja, shamba lake la migomba. Hii aliikunja, akaiviringisha kwenye pindo la kitenge na kupiga fundo kiunoni, pale pale wanawake wa kwetu wanapofunga hela ya sokoni. "Waitu, hii wamenitengenezea mimi," alisema, akajipigapiga kiunoni kwa furaha. Migombani kwake mtandao ni wa kubahatisha hata ukiwa umeishika simu mkononi. Ifunge, kisha ibane kwenye mwili wa mtu, basi tena.

Mama mkubwa, yule dada yake aliyeolewa Izimbya, alikuwa amelazwa hospitali mjini Bukoba. Hakuna aliyejua hali ingegeuka upesi vile. Mchana mmoja akawaambia wanawe wampigie mdogo wake, anataka kumuaga. Kwetu kuagwa na anayeondoka si jambo dogo. Aliyeitwa akakataa kuitika, ukoo haumsahau. Binti yake mkubwa akapiga. Haipatikani. Akapiga tena na tena, haipatikani. Mama alikuwa kibanjani anapalilia, simu iko kiunoni, ina chaji, imewashwa. Alipoifungua jioni ili anipigie mimi, ndipo simu ya kilio ikaingia.

Sasa tatizo ni kwamba Krismasi ile ile wale ndugu wawili walikwaruzana kuhusu mpaka wa kibanja cha babu. Neno dogo tu, la kuisha kwa sahani ya matoke. Lakini watu wakajumlisha. Amekwaruzana naye, akazima simu. Kwisha!

Nilipofika Izimbya mazishi yalikuwa yamepita, matanga bado. Ndani wanawake wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye nyasi zilizotandazwa. Mama yangu nilimkuta nje, karibu na jiko, peke yake, anamenya ndizi kama mtu wa kukodiwa. Hakulia aliponiona. Alisema tu, "Mwana wange, mimi sikuzima." Hasira yangu haikuwa kwa wale wanawake peke yao. Niliiona ile meza, wale wanaocheka.

Nikaingia ndani bila hata kupiga hodi ya maana. Nikamwambia dada yangu, yule binti wa marehemu, "Toka nje na simu yako. Na nyinyi wote tokeni."

"Umekuja kututukana msibani?" akauliza shangazi mmoja.

"Nimekuja kuwaonyesha. Tokeni!"

Walitoka, wengine kwa kununa, wengine kwa umbeya. Nikaichukua simu ya mama, nikawaonyesha inawaka. Dada akapiga ikiwa wazi mkononi mwangu, ikaita. Kisha nikampa mama, nikamwambia aifunge kama anavyofanya akienda kulima. Akaikunja, akaviringisha, akapiga fundo. Loo, nilimwomba Mungu kazi ya mikono yangu mwenyewe ishindwe mbele za watu. Dada akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Namba unayopiga haipatikani kwa sasa."

"Fungua, mama." Akafungua. Dada akapiga, ikaita. Shangazi akataka naye ajaribu kwa simu yake, na jibu likawa lile lile: imefungwa haipatikani, imefunguliwa inaita. Shangazi akavua kanga yake ya mabegani, akaitandika chini karibu na jiko, akakaa hapo hapo pembeni ya mama.

Dada ndiye aliyevunjika. Alilia kuliko alivyolia mamake alipofariki, nadhani. "Mama mdogo, nisamehe," alisema. "Nilimwambia mama umezima simu. Akakataa. Akasema, 'Piga tena, yule hawezi kuninyima sauti.' Mimi nikaacha kupiga."

Mama akaweka chini kisu cha kumenyea. Kisha akaikunja ile simu taratibu, akanishikisha.

"Irudishe kwa huyo bosi wako," akasema. "Mwambie aifunge kiunoni. Halafu mama yake ampigie."