Kamba ya Mwalimu Anis

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya Machi, Velma Tsofa amesimama na beseni la jezi mbele ya stoo ya chuo, Mjambere. Anangoja ufunguo. Kwa miaka kumi na moja kocha Anis Yeslam hajamchelewesha hata siku moja. Jua linapanda. Anayekuja ni mlinzi, kofia mkononi.

"Mama Velma, Mwalimu hatunaye. Moyo umesimama."

Velma, 52, ndiye mfuaji jezi wa chuo hiki. Tangu siku hiyo huchora pia mistari ya uwanja peke yake, kazi waliyoifanya wawili: wakivuta kamba ya katani ya mita hamsini, kocha ncha hii na yeye ile, kisha yeye akimwaga chokaa. Urefu wa uwanja ni kamba mbili. Magoli ni ya kubeba, basi kila wiki kamba ndiyo huamua yasimame wapi.

"Alikuwa akinipigia kelele, 'Vuta, Velma, usiionee huruma!'" anakumbuka, akitabasamu.

Kocha alitaka sana chuo kihame ligi. Katika ligi ya kaunti vimebaki vyuo vinne tu. Vingine vimekwenda ligi ya Pwani nzima. Mechi ni sita kwa mwaka.

"Wachezaji wazuri wanatukimbia," anasema nahodha, Randu Karisa. "Nani akae akicheza na walewale?"

Sharti la kupokewa huko ni uwanja usiopungua mita mia.

Mwezi uliopita mkaguzi wa ligi, Safwan, alikuja na utepe wake. Akapima, akarudia.

"Shikamoo, mama. Uwanja wenu umepungua mita mbili."

"Marahaba. Uwanja hauugui, mwanangu, utakondaje?"

Kisha Velma akaitazama kamba mkononi mwake.

"Kwetu matanga yakiisha, nguo za marehemu hufuliwa," anaeleza. "Nguo za Mwalimu ziko kwao. Mimi chake nilichobaki nacho ni ile kamba. Nikaichemsha na sabuni. Ilitakata hiyo!"

Katani ilikuwa imefupika kwa mita nzima. Aliwaeleza wote palepale, macho chini. Randu akaangua kicheko: "Mama Velma, umetufulia uwanja ukasinyaa!"

Hata Safwan alicheka. Akaandika tarehe nyingine, Jumamosi hii saa nne. Wakikosa tena, watangoja mwaka mzima.

"Nataka jezi hizi zirudi na vumbi la Voi, la Malindi," Velma anasema. "Matope ya hapa nimeyazoea. Mwalimu angefurahi."

Mistari imeshachorwa upya, kwa utepe wa kuazima kwa fundi seremala wa jirani. Ufunguo wa stoo anao Velma. Kamba ameifunga kutoka nguzo hadi nguzo nyuma ya stoo, na jezi za Jumamosi zimeanikwa juu yake.