Stuli ya Mgeni

Karani wa ofisi ya kompyuta pale Kaloleni, mwaka wa tisini na nane, alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyempa: kukaribisha wageni katika kundi la watu wa mtaa wetu waliotawanyika ng'ambo, wakipiga gumzo kwa barua pepe. Kila jina geni lilipotokea kwenye kioo, alivuta stuli kando yake, akaipangusa kwa ncha ya leso, ndipo akaandika kwa vidole viwili, akijisomea polepole kama anayebembeleza mtoto: “Karibu. Huku mvua imekatika sasa hivi. Jirani anakaanga omena. Nyinyi mlikuwa mkichota maji mfereji gani?”

Siku moja mgeni aitwaye Phares alijibu kwamba aliondoka akiwa mdogo, hakumbuki mfereji wala nyumba, na pengine afadhali ajitoe tu. Vidole vya karani vikaelea juu ya herufi. Kisha akaandika: “Basi utachota kwetu, ule wa karibu na ukumbi. Keti.” Mchana kutwa jibu halikuja. Mimi, miguu ikiniuma kwa kungoja zamu yangu ya kutumia kompyuta, nikaivuta ile stuli. Akaishika bila kugeuka.

“Pole, ndugu yangu,” akasema. “Hapo kuna mtu.”