Ndege ya Mirihi na Kibali cha Mazishi

Wiki jana nilipiga foleni katika ofisi moja ya Migori, runinga ikieleza jinsi ndege ndogo ilivyoruka kwenye sayari ya Mirihi, ingawa hewa ya huko ni nyepesi mno. Mzee aliyenitangulia alitaka kibali cha kumzika mwanawe, aliyefukiwa na shimo la dhahabu huko Masara.

“Jaduong’, kibali hatutoi bila mwili,” karani alimwambia.

“Basi hiyo ndege ije imtafute.”

“Hiyo iko mbali sana, mzee.”

“Mwanangu yuko hapa tu, futi sitini chini.”

Akaweka juu ya kaunta yago, tunda ambalo Waluo huzika badala ya mwili usiopatikana.

Fomu ya kibali hicho naijua. Haina nafasi ya tunda.

Karani alishika kalamu, akauliza polepole, “Aliitwa nani?”