Krayo ya Mwisho ya Mwanzia

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, Mkuu wa Maabara alinipa tyubu ya damu akaniambia niiinamishe polepole ndani ya maji ya uvuguvugu mpaka igande. "Usiangalie kitu kingine," alisema. "Mwenye damu hii anakungoja wewe." Niliinamisha kwa pupa hadi maji yakaruka mezani. Hospitali yetu ilikuwa huku Eastlands, Nairobi, nami nilikuwa nimetoka chuoni juzi juzi.

Nilipohamishiwa benchi la kupima kuganda kwa damu, nikamjua Mwanzia, karani wa reli aliyekaa Makongeni. Alizaliwa na hemofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu hukosa protini moja ya kuigandisha. Akijigonga kidogo tu, goti lilijaa damu kwa ndani. Tulimpa krayo, yaani mashapo yanayobaki plazma, ile sehemu ya majimaji ya damu, iliyogandishwa kwa baridi kali ikiyeyushwa taratibu, ambayo yana protini hiyo kwa wingi. Miaka kadhaa alikuja akichechemea, akarudi kwake akitembea vizuri.

Kisha safari moja goti likakataa kupoa. Mkewe, Mama Ndunge, alinisimamisha kwenye korido.

"Dada, hiyo mifuko mnayomtundikia inaenda wapi? Goti linazidi kufura!"

Mkuu aliniagiza nichanganye plazma ya Mwanzia na ya mtu mwenye afya, niuache mchanganyiko katika maji ya uvuguvugu, kisha nipime. Kama tatizo lingekuwa upungufu peke yake, plazma nzima ingeziba pengo na mchanganyiko ungeganda. Niliinamisha tyubu. Ikatiririka. Nikainamisha tena na tena, bado maji matupu.

"Ndicho nilichoogopa," Mkuu alisema. "Ametengeneza kingamwili. Mwili wake haukuzaliwa na protini hiyo, kwa hiyo unaiona adui. Kila tulipompa, kinga yake ilizidi kujifunza kuiangamiza."

Tulimweleza Mwanzia kitandani. Alipitisha kiganja juu ya goti lake.

"Kwa hivyo hakuna dawa tena?"

"Tukiacha kukupa, kingamwili zitapungua," Mkuu alimjibu. "Hapo krayo itafanya kazi tena, lakini kwa siku chache tu, kabla mwili haujakumbuka."

"Basi msiimalizie kwa goti," alisema. "Mniwekee kwa siku ya kufa na kupona."

Tangu hapo kila damu ilipovuja kwenye kiungo, alifunga barafu akauma meno. Goti likakauka likiwa limepinda. Nikisikia mkongojo wake sakafuni, niliacha kazi nikachungulia koridoni. Halafu zikaja habari za ugonjwa mpya uliosafiri ndani ya damu na kuangusha kinga yote ya mwili, na sisi hatukuwa na kipimo chake. Sasa tuliogopa hata mifuko iliyokuwa kwenye friji.

Asubuhi moja Mama Ndunge alimleta akimshikilia. Alikuwa amejing'ata ulimi, na uvimbe ulikuwa ukishuka kooni. Hakuweza kusema. Nilipima: mchanganyiko uliganda. Kingamwili zilikuwa chini. Mkuu alimweleza habari ya ule ugonjwa mpya bila kuficha, kisha akauliza, "Tukupe?"

Mwanzia alimtazama mkewe, akanyoosha mkono apigwe sindano.

Uvimbe ulianza kupungua jioni. Juma lililofuata kingamwili zilipanda kuliko zamani, lakini ulimi ulikuwa umepona. Kipimo cha ule ugonjwa kilipotufikia, nilimpima nikiwa nimefumba midomo nisije nikalia mbele yake. Hakuwa nao.

Nilipostaafu nilikwenda kumsalimia. Siku hizi ninyi vijana wa maabara mna mashine, na kuna dawa zinazopita kando ya kingamwili bila kuguswa nazo, nami nafurahi. Nilimuuliza kama aliogopa kufa miaka ile.

"Kifo nilikuwa nimekizoea, Dada," alisema. "Lakini kila nilipovimba, usiku kucha nilijiuliza kama damu hii ndiyo ya kuombea krayo, au ningoje iliyo mbaya zaidi. Hilo sikulizoea."

Mimi nilikuwa nimedhani hofu ilikuwa yetu sisi wa maabara peke yetu. Mama Ndunge alituletea chai, nami nikamsogezea Mwanzia kikombe.