Masaa Mawili Tu Angani

Pale uwanja wa ndege wenzake walimwita Masaa Mawili, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Alikuwa karani wa kaunta ya kupima mizigo, mwanamke mcheshi wa mdomo usiolala, na kila abiria wa kwenda mji aliozaliwa yeye alimwambia lile lile: "Masaa mawili tu angani. Hata usingizi hutaumaliza." Kwa barabara, mji huo ni siku mbili za vumbi. Kaka yake, fundi seremala, aliogopa ndege kama paka anavyoogopa maji, akawa anakwenda kwa mama yao kwa basi. Dada akimcheka, hujibu, "Kawia ufike."

Dada mwenyewe hakuwahi kununua tiketi ya ndege. Mfanyakazi wa kampuni yao hupanda bure mradi kibaki kiti, na miaka yote kilibaki. Ndiyo maana hakuona haraka. Mama yuko masaa mawili tu, mtu wa karibu hivyo haendewi mbio! Mwaka mzima ukapita hajakanyaga kwa mama yake.

Jumatatu jirani wa mama akapiga simu: mama hali, hanywi, anawataka wanawe. Kaka alifunga karakana mchana ule ule.

"Twende wote," akamwambia dada yake.

"Acha nimalize zamu, kaka. Jumatano nitakupokea mimi huko stendi."

Jumatano asubuhi akaja kaunta na begi dogo, safari hii upande wa abiria. Mwenzake alikwepa kumtazama.

"Imejaa, dada. Kuna mkutano mkubwa huko. Hata viti vya kununua vimekwisha."

Ndege ya asubuhi ikaondoka. Ya mchana nayo ikajaa pomoni. Kila abiria aliyechelewa, alimwombea azidi kuchelewa. Naye akitokea mlangoni akihema, alimchukia kwa moyo wote. Aliwasihi wawili watatu wampishe. Nani ampishe? Kila mtu ana lake.

Alasiri kaka akapiga simu. Alikuwa amefika. Akamwekea mama simu sikioni.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Niko njiani, mama. Masaa mawili tu."

"Wewe kila siku masaa mawili," mama akasema, akajaribu kucheka, kikohozi kikamkata. "Haya. Nangoja."

Hakuwa njiani. Alikuwa kwenye benchi la chuma, begi mapajani, na aliona aibu hata kwa kulikalia lile benchi.

Jioni simu ikalia tena. Kaka alilia tu, na dada akajua. Hata machozi hayajamtoka, mwenzake akaja mbio kutoka kaunta, uso unamng'aa.

"Dada, inuka! Mmoja wa ndege ya jioni hajatokea. Kiti kimepatikana!"

Akapanda. Angefanya nini? Huko juu rubani akatangaza kwamba upepo unawasukuma kwa nyuma, watafika robo saa kabla ya wakati. Abiria wakapiga makofi. Mzee wa kiti cha pili akamgeukia kwa furaha.

"Kumbe si mbali hata kidogo!"

"Si mbali, baba," akajibu, akajifunika uso kwa mtandio.