Kilima cha Tusekile

Mke wangu Tusekile alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, huku kwetu Masukulu. Alifika darasa la nne. Mimi sikusoma. Herufi hizi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, naye ndiye aliyenisahihisha. Naandika ili wajukuu wamjue.

Mwaka wa tisini na nane, mwaka wa mvua kubwa, kipindupindu kilituingia. Biashara ilishaachiwa huru, malori ya ndizi yanakuja kutoka kila upande, ugonjwa nao ukapanda humo. Tusekile alizunguka nyumba hadi nyumba akiandika kwenye daftari nani ameugua, siku gani. Kila Ijumaa alilipeleka Tukuyu kwa Hasheem, kijana wa fundi cherehani wa Msasani ya hapo hapo Tukuyu, aliyesomea hesabu Dar es Salaam. Wilaya ilimtaka akadirie ugonjwa utapanda lini na kushuka lini, ili dawa zitangulie.

Siku moja nilimsindikiza. Hasheem alitandaza karatasi. Mstari ulipanda kama kilima, ukashuka.

"Mama, tumepona. Mgonjwa mmoja sasa haambukizi hata mmoja. Mwezi wa nne shwari."

Tusekile aliutazama sana.

"Mwanangu, huu mstari wako huwa unakwenda msibani?"

Hasheem akacheka. "Mstari uende wapi, mama?"

"Basi hapo umekosea. Mtu akiwa hai labda haambukizi hata huyo mmoja wako. Akifa tunakuja mia, tunalala siku tatu, tunachota chakula kwa mikono. Soma hapa. Mzee mmoja kazikwa tarehe tano. Tarehe nane wagonjwa kumi na wawili. Wote walikula pale."

Hasheem hakucheka tena. Alichukua penseli, akaanza upya, misiba akaiingiza. Alipomaliza, nyuma ya kilima cha kwanza kulikuwa na cha pili, kirefu zaidi.

"Hiki kinangoja nini?" nikauliza.

"Msiba mmoja mkubwa, baba."

Tusekile akapita akiwaambia watu: zikeni, msile, na kila nyumba neno lake moja, nawa kwanza. Walimsema. Eti amekuwa mchoyo hata wa chakula cha wenzake.

Mwisho wa mwezi wa tatu akaugua yeye. Alijijua kuwa hatapona.

"Baba Jotham, watakuja wengi. Usipike."

"Nikuzike kama huna watu?"

"Usipike. Niahidi."

Nikaahidi.

Tulimzika watu sita. Wengine niliwazuia njiani, watu wa Lufingo, watu wa Tukuyu, wanawake na mikungu ya ndizi kichwani. Niliwarudisha wote. Mdogo wangu Andongwisye akasema mbele yao, "Kaka, unazika mke au unafukia mbwa?" Akatema mate, akaondoka.

Mwezi wa tano Hasheem alikuja na karatasi yake. Kile kilima cha pili hakikuja. Chini yake alichora mstari wa wagonjwa wa kweli, nao ulikuwa umelala.

"Hapa katikati ni watu kama themanini, baba. Wangeugua."

"Akina nani?"

"Hesabu haisemi."

Basi siku za soko nawatazama watu. Labda huyu. Labda yule mama wa viazi. Wananisalimu, wanapita. Ningependa mmoja tu asimame, alitaje jina la Tusekile. Nyumbani sufuria kubwa ilikuwa imefunikwa pale pale alipoifunika yeye. Sikuigusa.

Mavuno mawili yalipita, mdogo wangu hanisemeshi. Kisha mchana mmoja nikamwona mlangoni, mkungu wa ndizi begani.

"Ndaga, kaka," akanisalimu.

"Ndaga."

Akautua chini. Alikuwa amezeeka.

"Sasa naweza kula?"

Nikachukua kata ya maji.

"Nawa kwanza," nikasema.

Akanawa, analia. Tukamenya ndizi, nikaifunua ile sufuria, nikapika mbalaga, chakula chetu cha ndizi, kama alivyokuwa akipika Tusekile, na maharage, chumvi kidogo. Haikuwa ya kwake. Tulikula wawili, na sufuria ilikuwa kubwa mno.